Kwa mnaoripoti chuo mwezi huu: ya geti, ya hita na ya njia ya usiku

Laptopu yangu ya kwanza iliibiwa nikiwa naoga. Sikuwa Kariakoo, wala kwenye daladala ya Gongo la Mboto iliyojaa mpaka mlangoni. Nilikuwa bwenini, chuo cha kati hapa hapa Dar es Salaam, chumba cha watu sita, saa moja asubuhi. Mlango niliurudishia tu, kwa sababu bafu liko mwisho wa korido na nilijiambia ni dakika tano. Niliporudi, chaja ilikuwa bado ukutani, waya unaning'inia, taa yake ndogo ya kijani inawaka.

Nilishuka getini na khanga zangu mbili. Mzee wa geti, ambaye mpaka siku hiyo sikuwa nimemwamkia hata mara moja, aliniuliza mashine yenyewe ikoje. Nikasema nyeusi. "Nyeusi," akarudia, huku anapitisha kidole kwenye daftari lake, kalamu imefungwa uzi wa katani isije nayo ikaondoka. Asubuhi hiyo zilikuwa zimetoka laptopu kumi na moja. "Namba yake?" Sikuwa nayo. Polisi nako waliniandikia RB, ile namba ya taarifa yako kituoni, vizuri kabisa, wakaniuliza swali lile lile, na jibu likawa lile lile.

Baadaye nilikuwa kiongozi wa bweni miaka miwili, na leo nafanya kazi maabara ya chuo kingine, kwa hiyo vilio vya namna hii nimevisikia vingi. Wadogo zangu, mnakuja na hofu ya vibaka wa barabarani, na mko sahihi kuwaogopa. Lakini vitu vingi nilivyoona vikipotea chuoni vilitoka mchana kweupe, mikononi mwa mtu aliyevaa kama mwanafunzi na anayetembea taratibu. Saa zao nawatajia: asubuhi watu wakioga, saa nne watu wakiwa kipindini, na siku ya kufunga chuo, mabegi yanapotoka kwa wingi na kila mtu anamsaidia kila mtu kubeba.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujatandika kitanda, geuza laptopu uangalie chini. Kuna namba ndefu imetanguliwa na herufi S/N. Ipige picha, ujitumie kwenye barua pepe, na uiandike pia kwenye daftari la karatasi. Simu bonyeza *#06# itakuonyesha IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenyewe; nayo iandike. Hizo namba ndizo zinazofanya kitu chako kiwe chako mbele ya mlinzi, mbele ya polisi na mbele ya kampuni ya simu unapoomba wakifungie. Bila hizo una hadithi tu, na hadithi ya laptopu nyeusi polisi wanazo nyingi.

Kufuli nunua lako, lenye shingo nene. Kitasa cha chumba funguo zake zimeshapita mikono mitatu minne kabla yako, na hakuna anayejua ngapi zilirudishwa. Kama chumba kina watu sita, kubalianeni mapema kwamba wa mwisho kutoka anafunga, hata kama anaenda chooni tu. Mtaonekana mnajifanya wazungu wiki ya kwanza, halafu watazoea.

Halafu mwamkieni mlinzi. Sisemi kwa adabu tu, ingawa adabu nayo haijawahi kumdhuru mtu. Nilipoanza kusema shikamoo kila asubuhi, yule mzee alianza kunijua kwa sura, kwa chumba, mpaka kwa begi. Mwaka wa pili kuna kijana alitoka na begi langu la kijani akijidai nimemtuma. Mzee alimkalisha kwenye benchi akanipigia simu. Begi lilirudi. Mlinzi analinda watu anaowajua. Asipokujua anakupisha kama anavyompisha mwizi, kwa sababu machoni pake nyote ni wageni. Akikudai kitambulisho kwa mara ya ishirini usimkunjie uso, na kitambulisho chako usimwazime rafiki wa mtaani aje kula kwenye kantini ya chuo. Siku huyo rafiki akiharibu, jina litakalosomwa ni lako.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko wizi, nalo ni moto.

Kila bweni nililokaa lilipiga marufuku hita, ile ya koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo, na kila bweni nililokaa lilikuwa nazo chini ya vitanda. Najua kwa nini: foleni ya jikoni, gesi ghali, na maji ya kuoga ya mwezi wa saba yanauma hata Dar. Sitawahubiria. Nitawasimulia tu kilichotokea chumba cha tatu kutoka changu. Dada mmoja alichomeka hita, umeme ukakatika. Alisubiri kidogo, akaona anachelewa kipindi, akaitoa ile hita kwenye ndoo akaiweka kitandani, akaondoka. Plagi ilibaki ukutani, swichi imewashwa. Saa moja baadaye umeme ukarudi.

Tulianza kusikia harufu kama ya kandambili iliyoungua. Tulipousukuma mlango, godoro lilikuwa na shimo jeusi la ukubwa wa sinia na moshi umeshafika usawa wa vifua vyetu. Mtu mmoja akakimbilia mtungi wa kuzimia moto ukutani, na mshale wa mtungi umelala kwenye nyekundu, maana yake presha imekwisha. Kilichotuokoa ni mwanafunzi wa umeme aliyejua swichi kubwa ya ghorofa iko wapi. Alizima kwanza, ndipo tukamwaga maji. Huo mpangilio ushikeni: maji hayamwagwi kwenye moto wa umeme kabla umeme haujakatwa, maana yatakurudishia shoti mkononi. Na umeme ukikatika, chomoa kila kitu ulichokuwa umewasha, kabla hata ya kutafuta tochi.

Hesabu ya ekstensheni ni ndogo, hata wa masomo ya biashara ataiweza. Umeme wetu ni volti 230 na plagi zetu za miguu mitatu zimetengenezwa kwa ampea 13. Zidisha, unapata karibu wati 3,000. Jagi la umeme peke yake huwa na wati 2,000 hivi, pasi ni 1,000 na kitu. Weka vyote viwili kwenye ekstensheni moja umeshagonga mwisho, na hapo ni ile iliyotengenezwa vizuri. Zile za bei ya kutupa za pale stendi ndani zina waya mwembamba kama wa redio. Ukiigusa plagi ikawa ya moto, hiyo imeshakwambia.

Lakini linalonisumbua zaidi ni geti la chuma la korido. Mabweni mengi, hasa ya wasichana, yana geti hilo, na madirisha yana nondo. Usiku, kama saa nne, linafungwa kwa kufuli ili wezi wasiingie. Moto wetu ulikuwa mchana. Ungekuwa saa nane usiku je? Wazazi wetu wanaikumbuka Shauritanga, sekondari ya wasichana kule Rombo, ambako mwaka 1994 moto wa usiku bwenini uliua wasichana zaidi ya 40. Mimi nilienda kwa mlezi wa bweni nikamuuliza swali moja: funguo la geti usiku linalala wapi? Likawa linalala kwake, nyumba ya tatu nyuma ya kantini. Tulibishana wiki mbili. Mwishowe nakala moja ikatundikwa ndani ya kisanduku cha kioo pale koridoni. Kuna waliosema wanafunzi watatoroka nalo usiku kwenda disko. Wapo waliotoroka, sikatai. Ila na wewe ukifika, uliza hilo swali, na usiku wa kwanza tembea kwa miguu yako kutoka kitandani mpaka nje ukihesabu milango, kwa sababu kwenye moshi hutaona kitu. Mkitoka, inameni, hewa ya kuvuta iko chini.

Njia ya usiku. Dar jua halifiki saa moja jioni, mwaka mzima, na likishazama giza halichelewi. Vipindi vya jioni vinaisha saa mbili. Hapo ndipo wanafunzi wanajipanga mmoja mmoja kuelekea kituoni, kila mtu na simu yake imemmulika uso. Mkwapuaji wa pikipiki anatokea nyuma yako, upande wa magari. Tembea upande ambao magari yanakuja yakikutazama, begi ulivae bega la mbali na barabara, simu ibaki ndani. Kwenye daladala hali ni hiyo hiyo: foleni ya Buguruni ikisimama, anayekaa dirishani na simu mkononi ameiweka sokoni. Kwenye mwendokasi, begi la mgongoni linahamia kifuani kabla hujaingia kwenye msongamano wa mlangoni, siyo ukishaingia.

Boda chukua ya kijiwe cha getini, ambao mlinzi anawajua kwa majina, hata kama wa barabarani anakupunguzia mia tano. Namba za pikipiki zinaanza na MC. Ipige picha mumtumie mwenzenu wa chumbani kabla hujapanda, na dereva akuone unafanya hivyo. Hachukii. Aliye mwema anasubiri, na asiye mwema anakumbuka ana abiria mwingine.

Masika, mvua ya usiku kucha ikinyesha, msilazimishe kupita Jangwani na mabonde mengine ya Msimbazi, wala msivuke maji ya mtaro yaliyofunika barabara eti mtihani unaanza saa mbili. Mpigie mwalimu, piga picha ya maji. Wengi wanaelewa.

Mnaopanga mtaani: nenda kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe, na dalali usimpe hata senti ya kodi kabla hujasimama ndani ya chumba na kuongea na mwenye nyumba mwenyewe. Hilo limekwisha.

Siku boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, na matapeli nao wanapata mshahara. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" kila mtu anaucheka, mpaka siku ambayo kweli alikuwa anatarajia kumtumia mtu hela. Mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo zamani, umsikie sauti. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, ni namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ada ya chuo cha Serikali inalipwa kwa kontrol namba, yaani namba ya malipo ya Serikali, hailipwi kwenye namba ya simu ya karani, hata karani awe mjomba wako. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kuna rafiki yangu alikuta laini mbili asizozijua, zote zimesajiliwa siku aliyoweka kidole mara tatu kwa wakala wa mwavuli, akiambiwa mashine inagoma.

Kuna hatari moja haitokei nje ya geti na haiwezi kufungiwa kufuli. Mwalimu anakwambia karatasi yako ina tatizo, uje mlizungumzie ofisini saa moja usiku, au mahali pengine kabisa. Hiyo ina jina kwenye sheria: rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya mwaka 2007. Usimjibu kwa hasira na usifute ujumbe wake hata mmoja. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, awe mlezi, dawati la jinsia la chuo kama lipo, au TAKUKURU kwa 113, simu ya bure. Na karatasi yenye tatizo inajadiliwa saa za kazi, mlango wazi, ukiwa na mwenzako. Nilimsindikiza mwenzangu mara mbili. Mara ya pili tatizo la karatasi lilikuwa limejitatua lenyewe.

Na ikitokea mtu amebakwa, asioge, nguo asizifue, aende kituo cha polisi penye Dawati la Jinsia na Watoto achukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, kisha hospitali haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa ikisogezwa mbele ina hasara. Msindikize. Maswali ya alikuwa amevaa nini na alifuata nini waachieni wasio na kazi.

Mwisho kuna karatasi. Iandike kwa mkono uibandike ndani ya mlango wa kabati, kwa sababu siku utakayozihitaji namba hizi huenda simu ndiyo iliyoibiwa: polisi 112, zimamoto 114, TAKUKURU 113, kampuni ya simu 100 ili wafunge laini kabla hela haijatoka, namba ya mlezi wa bweni, namba ya mama au baba ambayo huikumbuki kichwani, usinidanganye, S/N ya laptopu, IMEI ya simu, na namba ya mzee wa geti.