Wasomaji Wanauliza: Shabiki Mgeni Akae Wapi?

Barua nyingi zilizofika mezani mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu anayeifuata timu yake ugenini ajiweke vipi uwanjani. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ina mtoto ndani yake.

*

Mshauri, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Majengo, hapa Mombasa, na shabiki wa timu yetu ya Bandari tangu nilipokuwa nikipelekwa uwanja wa Mbaraki na marehemu baba. Mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 10, ananiandama nimpeleke Nairobi kuiangalia Bandari ikicheza na Gor Mahia katika uwanja wa Nyayo. Sijawahi kwenda mechi ya ugenini. Wifi yangu hataki hata kuisikia habari hiyo. Anasema nitamrudishia mtoto na bendeji kichwani. Je, tuvae jezi? Tukae wapi? Na hiyo hatari ni ya kweli?
Shangazi, Majengo

Marahaba, mwanangu. Wifi yako hana kosa kuogopa, ila nadhani anachokiogopa ni yule shabiki wa Gor aliyejipaka kijani usoni, naye huyo, ukimwondolea kelele zake, mara nyingi ni baba wa watoto kama huyo wenu. Mahali pa kuogopwa ni langoni. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika uwanja huo huo wa Nyayo, watu 7 walipoteza maisha katika msongamano siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, na hawakuuawa na ngumi za mahasimu wao. Tena mtu aliyebanwa na umati si lazima aanguke na kukanyagwa ndipo afe. Anaweza kufa akiwa amesimama wima, kwa kuwa kifua kimekosa nafasi ya kutanuka na pumzi haiingii. Mtoto wa miaka 10, ambaye uso wake uko usawa wa viwiko vya watu wazima, hulemewa kabla ya wewe uliyemshika mkono kutambua kwamba kuna jambo.

Nayasema haya si kwa kusoma tu. Miaka kadhaa iliyopita nilisimama nje ya uwanja mmoja wa bara, nisioutaja, ambako lango la mbawa mbili lilikuwa limefunguliwa ubawa mmoja tu, na mlinzi akawa anazikagua tiketi moja moja kwa tochi ya simu. Kipenga kilipolia ndani, wale wa nyuma walisikia shangwe wakadhani bao limefungwa. Sikumbuki mtu aliyenisukuma. Ninachokumbuka ni miguu yangu kuacha kugusa chini, kandambili ya kulia kubaki nyuma, na mimi kupita penye nguzo ya lango kwa ubavu, kama gunia linalopenyezwa dirishani. Mbele yangu mzee mmoja alimnyanyua mwanawe juu ya vichwa, na mtoto akapitishwa mikononi mwa watu wasiomjua hadi kwa askari aliyekuwa amekaa juu ya ukuta. Tulipoingia tulikuta bado hakuna bao.

Kwa hiyo jambo kubwa kuliko yote ni saa ya kufika. Fikeni saa mbili nzima kabla ya mechi kuanza, ingieni wakati walinzi bado wanapiga soga, na tiketi muwe mmekwisha kuinunua kwa simu, ujumbe wake ukiwa umehifadhiwa mahali utakapoupata hata mtandao ukigoma. Msiende kubahatisha langoni. Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashindano ya timu za taifa za Afrika, mashabiki wasio na tiketi waliisumbua sana milango ya uwanja wa Kasarani, Nairobi, na Shirikisho la Soka la Afrika likaamuru uwanja huo wenye nafasi za watu wapatao 48,000 upokee 27,000 tu, wote wenye tiketi za kielektroniki. Walioumia kwa amri hiyo ni watu waliokuwa tayari kulipa kama wewe. Ikitokea hata hivyo mkajikuta ndani ya kundi linalosonga, kunja mikono yako mbele ya kifua kama bondia ili ujiachie nafasi ya kupumua, mtoto mweke mbele yako ndani ya mikono hiyo, usishindane na nguvu ya umati, na kila umati unapolegea sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Kiatu kikivuka, kiache.

Kuhusu safari, treni ya asubuhi kutoka kituo chetu cha Miritini huondoka saa mbili na kufika kituo cha Nairobi, Syokimau, mchana umekwisha kuingia, nayo mechi ya alasiri haikungojei. Mimi ningepanda ya usiku wa kuamkia siku ya mechi, nikasubiri kuche ndani ya kituo badala ya kuhangaika mjini gizani na mtoto mwenye usingizi. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Ukipenda basi, ujue kwamba mabasi ya Mombasa huingia Nairobi kwa barabara inayopita kando ya Nyayo kabla ya kufika katikati ya mji, na ukizungumza na dereva vizuri atakushusha hapo.

Sasa jezi. Vaeni za Bandari, kwa masharti mawili. La kwanza, njiani ziwe ndani ya begi au chini ya sweta, na zitoke mkiwa mmekwisha kukaa. La pili ni la hilo sweta lenyewe: lisiwe buluu. Buluu na nyeupe ni rangi za Leopards, na mashabiki wa Gor, ambao hawana ugomvi mkubwa na watu wa Mombasa, wana ugomvi wa miongo mingi na rangi hiyo. Nimemwona kijana wa Kisauni akizomewa dakika arubaini na tano kwa sababu ya sweta la shule. Alikuwa hata hajui kwa nini.

Mahali pa kukaa pana utata, kwa sababu katika ligi yetu mara nyingi hakuna uzio wala jukwaa lililotengewa wageni. Watu hujigawa wenyewe, na mgeni asiyejua hukaa mahali ambapo nusu saa baadaye patageuka kuwa kitovu cha ngoma na mavuvuzela ya wenyeji. Ushauri wangu ni kulipa zaidi kidogo mkakae jukwaa lenye paa, karibu na njia ya kutokea, au kuwatafuta mashabiki wenzetu wa Bandari wanaosafiri pamoja na kukaa nao. Waulizeni mapema, Mbaraki, kwenye mechi ya nyumbani iliyotangulia. Kuliko wifi yako na mimi tukiwekwa pamoja, wazee wa kundi hilo wanajua lango gani halina vurugu.

Na kutoka? Hapa sisi Wapwani tunakosea sana, kwa kuwa tuna haraka ya kuwahi usafiri. Kama mmeshinda, kaeni vitini dakika ishirini, mle njugu zenu, muwaache wenyeji watoke na hasira zao. Kama mmeshindwa, kaeni vile vile. Treni ya usiku ya kurudi inawapa muda wa kutosha, na Syokimau iko kwenye barabara ile ile ya Mombasa.

Mpeleke mtoto. Mwonyeshe wifi yako barua hii, na kama bado anakataa, mwambie aje yeye awe wa tatu.

*

Mshauri, salaam aleikum. Mimi ni baharia, nyumba yangu iko Likoni. Meli yetu inatarajiwa kutia nanga Liverpool, na rafiki yangu anayeishi huko anasema atanipatia tiketi niitazame Arsenal ikicheza ugenini Anfield, uwanja wa Liverpool. Tiketi ni ya jamaa yake ambaye siku hiyo hataenda, na iko katika jukwaa la Kop. Jezi yangu ya Arsenal nimekwisha kuitia begini. Kuna lolote la kunieleza?
Baharia, Likoni

Waaleikum salaam. Jezi ibaki begini, na tiketi ibaki kwa mwenyewe.

Huko, tofauti na kwetu, mgeni ana mahali pake panapojulikana. Kanuni za Ligi Kuu ya Uingereza zinamtaka mwenyeji aitengee timu ngeni tiketi 3,000, au asilimia 10 ya nafasi zote ikiwa uwanja ni mdogo, na tangu msimu wa 2016/17 tiketi ya shabiki mgeni haiuzwi zaidi ya pauni 30. Pale Anfield wageni hukaa upande wa jukwaa la Anfield Road. Kop iko mkabala, nyuma ya goli la pili, nayo ndiyo kitovu cha wenyeji. Hata jina lake si la Kiingereza, limetoka kwenye kilima cha Spion Kop huko Afrika Kusini, palipopiganwa vita mwaka 1900. Ukikaa hapo na jezi ya Arsenal, au bila jezi lakini ukaruka bao likifungwa, wasimamizi watakutoa nje, na watakutoa kwa haki, kwa sababu masharti ya uwanja yanakataza shabiki mgeni kukaa kwa wenyeji. Wanafanya hivyo kwa usalama wako kuliko unavyodhani. Nawe, ndugu yangu, nimezisoma barua zako tatu za nyuma kuhusu Arsenal, hutaweza kunyamaza.

Ipo pia habari ya sheria. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1994, asiye na idhini akiuza tiketi ya mechi ya soka anatenda kosa, na klabu zenyewe huruhusu tiketi kuhamishwa kwa njia zao rasmi tu. Kama jamaa huyo ataihamisha kupitia klabu, vyema. Kama atakupa simu yake yenye tiketi upite nayo langoni, achana naye. Tiketi halisi za upande wa wageni nazo usizitegemee sana, maana klabu huwapa kwanza wanachama waliokwisha kuifuata timu ugenini mara nyingi, na wewe miezi tisa ya mwaka uko majini.

Jambo jingine ni la adabu. Nje ya Anfield pana kumbukumbu ya watu 97 waliokufa kutokana na maafa ya Hillsborough, mjini Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989, na watu hao walikuwa mashabiki waliosafiri kuifuata Liverpool katika nusu fainali, wakabanwa nyuma ya uzio kwa namna ile ile niliyomweleza dada yetu wa Majengo hapo juu. Utasikia siku moja moja wageni wakilifanyia tukio hilo dhihaka. Usiitikie, hata kwa kicheko.

Kama muda wako wa kuwa nchi kavu utaangukia siku ya mechi na tiketi ya haki haikupatikana, ningevuka mto. Birkenhead, ng'ambo ya Mersey, ndiko nyumbani kwa Tranmere Rovers, klabu ya madaraja ya chini inayocheza katika uwanja wa Prenton Park, ambako kupata tiketi si taabu kama Anfield na hakuna atakayekuuliza Arsenal wamekufanyia nini. Huo mto una feri. Mtu wa Likoni hatapotea.

*

Mshauri, rafiki yangu wa Kisumu, shabiki kindakindaki wa Gor Mahia, anakuja kuitazama timu yake Mbaraki na ameniomba nikae naye. Mimi ni wa Bandari. Je, si aibu kukaa upande wa wageni nyumbani kwetu?
Msomaji, Tudor

Aibu ingekuwa kumketisha yeye kwetu. Mbaraki si Nyayo. Ni uwanja mdogo, maneno ya mtu wa safu ya nne humfikia mshika kibendera, na mtu wa jezi ya kijani peke yake katikati yetu atachekwa mpaka ajute kupanda basi. Kaa naye kwao, bila jezi, na ukikubali hivyo ukubali pia kunyamaza Bandari ikifunga, jambo ambalo najua halikai vizuri kooni. Tena usidhani mtakuwa wachache: Gor ina watu wake wengi hapa hapa mjini, na siku hiyo hawabaki nyumbani.

Atakukumbusha Kombe la Washindi la Afrika walilolitwaa mwaka 1987. Wewe mkumbushe kombe letu la 2019, tulipoifunga Kariobangi Sharks 3–1, kisha mbadilishe mazungumzo kabla hajauliza la pili. Mwambie aje na kofia, na ule muhogo wa kukaanga unaouzwa nje uuonje wewe kwanza, maana yule mama hupaka pilipili kwa kumwangalia mtu jezi.