Dogwudi Katika Uwanja Mdogo: Mbona Hautoi Maua?

SWALI: Ndugu mshauri wa bustani, mimi ni mzaliwa wa Moshi na ninaishi Richmond, Virginia, katika nyumba yenye uwanja usiozidi mita 7 kwa upana. Miaka 4 iliyopita nilipanda dogwudi, ule mti wa asili wa huku unaoyapamba mapori kwa weupe kila Aprili. Niliupanda katikati ya nyasi, mahali palipo wazi, na kila Novemba huupunguza matawi ili usiizidi nyumba. Mpaka leo sijaona ua hata moja, na kila Agosti majani yake huungua kingo. Nimekosea wapi? Na je, ninaweza kumpelekea mama mbegu zake huko Moshi?
Msomaji, Richmond

JIBU: Ndugu msomaji, kosa kubwa limo katika mkasi wako wa Novemba. Dogwudi, ambao kwa jina la kitaalamu ni Cornus florida, huanza kuandaa maua tangu mwishoni mwa kiangazi, na majani yanapopukutika utayakuta matumba yamekwisha kukaa kwenye ncha za matawi, ya kijivu, ya mviringo, mfano wa vifungo vya shati vyenye kikonyo. Ukizikata ncha hizo unakuwa umeyakata maua ya Aprili inayofuata. Nakuomba mwaka huu usiupunguze matawi kabisa. Tawi lililovunjika au linalosuguana na jingine liondolewe mara baada ya maua kuisha. Ikiwa mche wako uliota kutokana na mbegu, ongeza subira, kwa sababu miche ya namna hiyo huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua.

Kuungua kwa majani ni suala la mahali ulipoupanda. Porini mti huu huishi chini ya mialoni na miti mingine mirefu, na mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi, hivyo jua kali la alasiri huukausha kabla haujapata maji ya kutosha. Unapendelea jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwa mfano upande wa mashariki wa nyumba. Uhamishe ukiwa hauna majani, ukichimba kwa upana ili utoke na bonge kubwa la udongo. Shimo jipya liwe pana mara mbili au tatu ya bonge hilo lakini lisilizidi kina, kwani katika udongo mzito wa mfinyanzi mti uliozama huoza mizizi. Tandaza matandazo ya majani makavu au magome yaliyosagwa, unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kuyaegemeza kwenye shina.

Matandazo hayo yana kazi nyingine ninayoithamini zaidi: huizuia mashine ya kukatia nyasi isilifikie shina. Gome la dogwudi ni jembamba, na kidonda kimoja tu hufungua mlango kwa funza anayetoboa shina, ambaye huua miti mingi ya majumbani.

Kuhusu ukubwa, mti wa kawaida hufika mita 5 hadi 9, na matawi yake hutanuka karibu sawa na urefu huo. Mkasi hauwezi kuufanya mfupi bila kuuharibu. Ufupi huchaguliwa kitaluni. Ukiona huu wako hautatoshea uwanjani, ulizia aina ya 'Pygmaea', ambayo hukua polepole na kubaki mdogo. Ukipata nafasi zaidi, 'Appalachian Spring' inastahili kupandwa: si fupi, lakini ilitokana na mti uliobaki mzima katika msitu wa Catoctin, Maryland, baada ya ugonjwa wa chule, yaani ukungu unaoshambulia majani na matawi, kuua sehemu kubwa ya dogwudi za pale. Ugonjwa huo ulianza kuonekana mashariki mwa Marekani katika miaka ya 1970, nao hustawi penye unyevu na hewa iliyotuama. Kwa hiyo mwagilia chini ya mti, asubuhi, wala usiyaloweshe majani.

Mbegu usizitume. Zinahitaji miezi kadhaa ya baridi ndipo ziote, mti wenyewe hautapata majira ya baridi uliyoyazoea, na kuingiza mbegu nchini kunahitaji kibali. Ila mwambie mama kwamba dogwudi unao ndugu huko huko: Cornus volkensii, mti wa misitu ya milimani, hupatikana Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mwombe alichane jani lake polepole, kama utakavyochana la kwako. Vipande viwili vitaendelea kushikana kwa nyuzi nyembamba nyeupe, alama ya ukoo wote wa miti hii.