Umepangiwa Kijijini Ujerumani? Nenda

"Dada, nimepata Ausbildung (mafunzo ya kazini) ya uuguzi Ujerumani lakini ni kijijini. Nikatae nisubiri Berlin?" Mdogo wangu, ujumbe wako umenikuta wiki niliyopokea cheti changu, kwa hiyo vumilia, nitasema sana.

Mimi nilipangiwa makao ya wazee karibu na Crostwitz, wilaya ya Bautzen, jimbo la Sachsen. Wakazi wapatao 1,000, mashamba, kanisa. Kibao cha barabarani kina majina mawili, la pili Chrósćicy, kwa sababu wenyeji ni Wasorbi, Waslavi (ndugu wa Wapolandi na Wacheki) ambao wazee wao walihamia pande hizi tangu karne ya 6. Wajerumani wamewazunguka kila upande na bado nyumbani wanaongea chao.

Sasa jifikirie: umetoka jasho na Kijerumani mpaka ngazi ya B2, halafu bibi mwenye ugonjwa wa kusahau anakuomba maji kwa Kisorbi! Kijerumani alichojifunza shuleni kilikuwa kinamtoka, kikibaki cha mama yake. Nikaanza daftari jipya: maji, maumivu, lala, njoo. Bibi aliyekuwa akinisukuma mkono akawa hataki kuogeshwa na mwingine. Hilo najivunia kuliko cheti, na wale wa Berlin walioniita "mama shamba" walisome hapa.

Pasaka ndiyo utawajua. Wanaume wanapanda farasi, makoti meusi na kofia ndefu, wanaimba habari za ufufuko hadi Panschwitz-Kuckau, palipo na monasteri ya masista iliyoanzishwa 1248. Wa huko nao wanakuja Crostwitz. Mimi Mwislamu wa Muheza nilisimama barabarani na baridi yangu, machozi yananitoka.

Lakini wana kidonda. Mwaka 2001 serikali ya jimbo ilikataa darasa jipya la tano katika shule yao ya Kisorbi, eti watoto wachache. Wazazi wakaandamana, walimu wastaafu wakajitolea kufundisha, ila 2003 shule ikafungwa. Mwenzangu wa kazi akinisimulia sauti ilibadilika. Kisha akaniuliza, kwenu mnaongea nini? Kiswahili. Na kwa bibi yako? Kibondei. Watoto wa dada zako wanakijua?

Sikumjibu. Na ninyi mnaojisifu kwamba watoto wenu hawajui hata salamu ya bibi yao, mnajisifia nini hasa? Watu wachache kiasi hiki waliandamana kwa ajili ya darasa moja la watoto, sisi tunaona aibu kuongea chetu mbele ya wageni.

Haya, ushauri. Salimia kila mtu, kijijini asiyesalimia anajadiliwa. Nunua baiskeli mapema. Jifunze lugha ya wazee unaowauguza, hata kama mkataba hauitaji. Salimia, narudia.

Mkataba wako nitumie niusome kabla hujasaini. Nataka kuona posho ya mwaka wa kwanza, kama chumba wanakutafutia wao, na waulize basi la Jumapili lipo au halipo, maana zamu ya asubuhi haisubiri.