Swali la lugha: seli inafyonza, inanyonya au inameza?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa kemia anayemalizia shahada ya pili, kaandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Natakiwa niandike ikisiri ya tasnifu kwa Kiswahili na nimekwama kwenye kichwa tu. Nimeandika 'Matumizi ya mipako ya polima nyeti kwa joto katika kudhibiti ufyonzwaji wa nanopatiko kwa seli'. Mwenzangu mmoja anasema niseme unyonywaji, mwingine anasema upokeaji. Ipi sahihi? Na hilo neno nyeti kila nikilisoma watu wanacheka, nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Hao wenzako wanagombania neno kabla hawajaangalia seli inafanya nini, tuanzie hapo kwanza, maana ukishajua kitendo kitenzi kinakuja chenyewe.

Kufyonza ni kwa vimiminika, mizizi inafyonza maji, sponji inafyonza maji, nyuki anafyonza nekta, kinachoingia kinapita kidogokidogo na hakina umbo. Kunyonya ni mtoto na ziwa, au kupe, au yule bosi asiyelipa ovataimu. Sasa hiyo nanopatiko yako ni chembe ndogo mno, tuseme ya dhahabu yenye upana wa nanomita hamsini (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), haiingii hivyo. Inafika inagusa utando wa seli, utando unabonyea kwa ndani kama godoro lililokaliwa, unafanya kifuko, kifuko kinaizunguka chembe nzima, kinajifunga halafu kinakatika kuingia ndani, chembe ikiwa nzima vilevile kama ilivyofika. Kitu kigumu kikiingia kizima bila kutafunwa tunasemaje nyumbani? Kimemezwa. Kama kidonge. Kwa hiyo seli inameza. Upokeaji sio kosa kisarufi ila umepoa mno, ofisi nayo inapokea barua. (Na tafadhali usije ukateleza ukaandika inafyonya badala ya inafyonza, maana hapo seli itakuwa inakufyonya wewe na profesa wako, na ninyi mnayajua maana yake.)

Kumeza kuna faida nyingine ambayo kwa kazi yako mi naona ndio kubwa kuliko zote, kinanyambulika vizuri. Meza, mezwa, mezeka. Mezwa inasema tendo limefanyika. Mezeka inasema tendo linawezekana, kwamba hicho kitu kina hali ya kukubali kumezwa. Na tasnifu yako nzima si ndio inazungumzia hicho? Chembe ni ileile, seli ni ileile, kinachobadilika ni kwamba kwenye ubaridi chembe haimezeki na ikipata joto inamezeka. Herufi mbili tatu zimebeba sentensi nzima, alafu watu wanasema Kiswahili hakiwezi sayansi.

Tuje kwenye nyeti. Kiukweli wanaocheka wana haki, kwa masikio ya leo nyeti imeshakaa na sehemu za siri na taarifa za serikali, ukisema polima nyeti mtu anatafuta pa kuangalia. Wengine wangekuambia uandike inayohisi joto, na inakubalika, siku hizi hata kihisi kipo kwenye simu, ila mi bado kuhisi naiona ni ya mwenye roho. Ninayoipenda ni kuitikia. Polima inayoitikia joto. Ukimwita mtoto anaitika abee au naam, anajibu kwa sababu ameitwa, na asipoitwa anaendelea na michezo yake, na hii polima yenu ndio tabia yake hasa.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajaelewa tunaongelea nini: polima ni molekuli ndefu kama mnyororo, na ya kuitikia joto inayotumika sana inaitwa poli-N-isopropilakrilamaidi, wenyewe wanaifupisha PNIPAM, na kizingiti chake ni kama nyuzijoto 32 za Selsiasi. Chini ya hapo minyororo yake inapenda maji, inakunjuka, inavimba maji inasimama kuizunguka chembe kama manyoya yaliyolowa, seli inakuta maji tu haina pa kushika. Ikivuka 32 minyororo inayakataa maji, inajikunja inabana kwenye chembe, uso unakuwa kama jani la gimbi ambalo maji yanateleza juu yake, na uso wa namna hiyo unaganda kwa urahisi kwenye utando wa seli. Kikishaganda kinamezwa. Angalia kwamba ni kinyume na tulivyozoea, sukari kwenye chai inayeyuka zaidi kukiwa na moto, hii ukiipasha ndio inagoma kukaa na maji.

Hapo sasa ndipo Kiswahili kinanifurahisha. Kitendo hiki kinarudi kinyumenyume, ukipoza inakunjuka tena, ukipasha inajikunja tena. Na sisi tunayo ile u ya kutengua ambayo tunaitumia kila siku bila kuiwazia: kunja na kunjua, ziba na zibua, fumba na fumbua, bandika na bandua. Mwandishi wa lugha nyingine anahangaika na maneno marefu kueleza kwamba badiliko linaweza kurudi lilikotoka, wewe unaandika polima hujikunja ikipata joto na hujikunjua ikipoa, basi, msomaji ameshajua ni mlango unaofunguka na kufungika wala sio yai ambalo likishachemshwa limechemshwa. Polima hiihii watafiti wa Kijapani kina Teruo Okano walishaipaka kwenye vyombo vya kukuzia seli, kazi iliyoanza kuchapishwa 1990, kwa nyuzi 37 seli zinajibandika, ukishusha chini ya 32 zinabanduka zenyewe kama karatasi moja nzima bila kumwagiwa kimeng'enya cha kuzing'oa. Bandika, banduka. Yaani kama lugha ilikuwa inawasubiri.

Mpako sina ugomvi nao, fundi rangi angesema koti, piga koti mbili, lakini minyororo hii haikupakwa kwa brashi, mara nyingi imeshikizwa ncha moja kwenye chembe kama nywele kichwani. Ndani ya maandishi waweza kusema chembe zilizovishwa polima, inasomeka vizuri.

Nanopatiko iache. Kiswahili kinatanguliza jina kisha sifa, kwa hiyo chembe za nano. Na ukishatumia chembe hapo, usithubutu kuita seli chembehai kama vitabu vya zamani, utajikuta umeandika chembehai humeza chembe na msomaji anauliza nani kamla nani. Seli ibaki seli, hata kama kwa wengine inawakumbusha mahabusu.

Kudhibiti: tunadhibiti wizi, moto, kipindupindu, sikio la wengi linasikia kuzuia. Mpako wako unazuia na unaruhusu pia, kwa hiyo kuongoza inakaa vizuri zaidi.

Kilichonisumbua kuliko maneno yote ni hiyo "kwa seli" mwishoni. Ufyonzwaji wa nanopatiko kwa seli, seli ndio wafyonzaji au ndio wanaofanyiwa? Kwa inabeba mambo mengi mno. Hapohapo ukija kwenye matokeo nahisi utaandika "chembe zilimezwa zaidi kwa sababu ya joto", na mtahini mkali atakuuliza joto la nani, maana seli yenyewe pia inaitikia joto, ukiiweka kwenye nyuzi 4 karibu inaacha kumeza kabisa hata chembe ambazo hazina polima. Ndio maana maabara mnaweka na chembe za kulinganishia ambazo mpako wake haubadiliki. Basi na sentensi iseme hivyohivyo: chembe zilimezwa zaidi kwa sababu mpako wao ulijikunja, sio kwa sababu seli zilichangamka. Mtenda aonekane.

Na kama unagusa matibabu, usiandike tu "joto la mwili". Mwili uko kwenye 37, umeshapita 32, polima tupu ingejikunja ikishaingia tu kwenye damu. Wanaotaka ijikunje kwenye uvimbe uliopashwa moto peke yake wanaichanganya na kijenzi kinachopenda maji zaidi ili kizingiti kiwe juu kidogo ya 37. Kizingiti, ndio, neno la mlango, mi nalipenda kuliko "halijoto ya mpito" ambayo ipo na ni sahihi kwa wanaoitaka. Ila halijoto na joto zitenganishe: halijoto ndio ile unayosoma kwenye kipimo, 32, 37, 40, joto ni lile unaloongeza au kupunguza.

Kichwa chako mi ningekiandika: "Jinsi mpako wa polima inayoitikia joto unavyoongoza seli kumeza chembe za nano". Kama chuo kinalazimisha kianze na Matumizi, anza nayo, lakini hiyo kumeza usikubali waitoe.