Ruzuku ndogo ya chuo na bahari ya Lamu: kwa mtafiti anayeanza

Wengi wanaoandika ombi lao la kwanza la ruzuku ndogo ya chuo huniuliza kama wazo lao lina uzito. Mara nyingi linao. Kupima maji ya majabia (matangi ya kuvunia maji ya mvua) ya kisiwa cha Pate, kufuatilia mikoko iliyopandwa upya, kuwasaidia akina mama wachuuzi samaki wao wasiharibike kabla ya kufika sokoni: hizo zote ni kazi ambazo mtafiti anaweza kuziongoza mwenyewe kwa pesa kidogo na watu wakaona faida yake. Mikoko peke yake inatosha kukupa hoja, maana zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Mradi hukwama kwingine. Hukwama kwa sababu tarehe zilizoandikwa kwenye ombi haziijui bahari.

Chukua ruzuku zinazotokana na fedha za serikali ya Uingereza. Mwaka wao wa fedha hufungwa tarehe 31 Machi, na kwa nyingi ya ruzuku hizi pesa ambayo haijatumika siku hiyo hairudi tena. Barua ya kukubaliwa ikifika Oktoba au Novemba, miezi yako yote ya kazi inaangukia kwenye kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini. Kwa boti ni neema, bahari imetulia. Lakini huo ndio wakati wavuvi wanatafuta riziki yao ya mwaka. Ukienda kijiji cha Kizingitini, Pate, asubuhi ukitaka kuhoji wavuvi, utaambiwa wako baharini, na ni kweli wako baharini. Kwenye kusi, msimu wa upepo wa kusini, mambo hugeuka: watu wapo bandarini wakishona nyavu na wana muda wa kuzungumza, ila wewe unaweza kukaa Amu, yaani mji wa Lamu, siku kadhaa ukingoja bahari ikuruhusu kwenda Faza, kisiwani Pate. Kwa hiyo panga vipimo vya baharini viwe kaskazi, na mahojiano marefu yawe kusi au pepo zinapobadilika. Ukiwa na dirisha moja tu la kaskazi, punguza mahojiano na uliseme hilo wazi kwenye ombi. Wanaopitia maombi hupenda kuona mtu anayekijua anachokizungumzia.

Tena kuna Ramadhani, ambayo husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo inaangukia Februari na Januari, ndani ya dirisha lile lile la pesa. Usiitishe mkutano saa tisa mchana watu wamefunga. Uitishe baada ya tarawehe, na kwenye bajeti uandike boti ya usiku au malazi, kwa sababu hutarudi siku hiyo.

Kupwa na kujaa kwa maji nako kumo kwenye bajeti. Boti kubwa inayokwenda Pate kupitia mlango mwembamba wa Mkanda haipiti maji yakiwa yamekupwa sana, hasa siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Nahodha ndiye atakayekwambia saa ya kuondoka, na saa hiyo huenda ikawa alfajiri. Chukua jedwali la maji la mwezi mzima, uliweke kando ya ratiba ya mradi, kisha umpe nahodha aliangalie kabla ya kutuma chochote chuoni. Atakurekebisha mahali ambapo msimamizi wako wa masomo hawezi.

Tuseme mradi wako ni wa maji ya majabia. Sampuli ya kupima vijidudu inatakiwa iwekwe kwenye ubaridi na ifike maabara ndani ya saa 24. Kutoka Pate una boti inayongoja maji yajae, kisha gati ya Mokowe upande wa bara, kisha barabara ya Garsen, kisha Malindi au Mombasa. Barabara hiyo mafuriko ya El Niño ya mwisho wa 2023 yaliikata, na kwa sababu za usalama magari husafiri kwa saa zilizopangwa. Hesabu ya saa 24 inaweza kutimia siku nzuri, lakini hufanyi utafiti kwa kutegemea siku nzuri. Afadhali ununue vifaa vya kupimia papo hapo, umfundishe kijana wa kijiji kuvitumia, na pesa ya gari la maabara iende kwenye mafunzo yake. Tena hilo linakuepusha na tatizo jingine: bima za vyuo vya nje mara nyingi haziruhusu mhadhiri wao kufika sehemu kadhaa za bara ya Lamu. Mshirika wako wa Uingereza huenda asivuke Mokowe kabisa, na mradi usimame kwa kumngoja yeye.

Vibali nitavipitia haraka kwa kuwa maelezo yake yanapatikana. Anza na kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayoidhinisha utafiti, kisha uripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Ukigusa nyumba za mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, nenda Makumbusho ya Taifa. Kwa kazi ya wavuvi, mwone mwenyekiti wa BMU, kikundi kinachosimamia ufuo na uvuvi, kabla hujamwona mvuvi yeyote. Picha na sauti za watu zinalindwa na sheria ya data ya 2019, na kwa picha za wanawake heshima ya mji ni kali kuliko sheria.

Pesa sasa. Ofisi ya fedha itakutaka kwotesheni tatu za usafiri wa boti. Kwenye kijiji chenye mwenye boti mmoja tu, andika barua mapema ukieleza hivyo, uombe idhini kabla ya safari. Itakutaka pia risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, na nahodha wa mashua hana. Kubaliana nao kabla hujachukua masurufu, pesa ya safari unayopewa mapema: fomu ya malipo yenye sahihi na nambari ya kitambulisho, pamoja na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha pesa ilikwenda kwa nani. Ukingoja hadi wakati wa kurejesha hesabu, utakatwa kwenye mshahara wako.

Usisahau dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa kama 130. Ruzuku ya dola 6,000 ilitoka shilingi 960,000 ikawa 780,000, bila mtu yeyote kukosea. Panga kazi zako kwa mafungu: fungu la lazima, na fungu litakalofanyika pesa ikitosha. Kupanga hivi kuna sababu nyingine. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza msaada wake kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa, na miradi ya utafiti iliyokuwa inaendelea ikapunguziwa pesa katikati ya safari. Usimwahidi mtu kazi ya mwaka mzima kwa barua ya miezi mitano.

Na wenyeji wako si wageni wa tafiti. Hawa ndio watu walioipeleka serikali mahakamani kwa ajili ya bandari mpya ya Lamu, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76. Wamejaza fomu nyingi kuliko ulizowahi kuchapisha. Swali la kwanza utakaloulizwa barazani ni waliokutangulia walileta nini, na jibu la kwamba matokeo yatachapishwa kwenye jarida halimtoshi mtu aliyeacha kazi yake akusikilize.

Kama utanunua kifaa, friza au mashine ya maji, soma masharti: kwa vyuo vingi kifaa ni mali ya chuo mpaka kitolewe kwa maandishi. Barua ya kukikabidhi kwa kikundi iandikwe mwezi wa kwanza, ikitaja nani atalipa umeme na nani atakitengeneza kikiharibika. Nimeona friza ikirudishwa Mokowe kwa boti kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Mkutano wa kurudisha matokeo uweke kwenye bajeti kama kazi inayojitegemea, na boti yake, chai yake na mahamri yake, karatasi mbili za Kiswahili za kuwaachia watu, na tarehe iliyo angalau wiki tatu kabla ya akaunti kufungwa. Ofisi ya fedha haipokei risiti ya mkutano uliofanyika Aprili.