Drili ya betri ya bei nafuu: ipime kwa betri yake

Kwa kufunga skrubu, kuunganisha makabati, kutundika pazia na kutoboa mbao, drili ya betri ya bei nafuu inatosha kabisa. Anayetoboa zege mara kwa mara asiinunue. Katikati ya hawa wawili, jibu liko kwenye betri, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapodanganywa.

Ndani ya betri kuna seli, yaani vibetri vidogo vilivyounganishwa. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6, na ikijaa hufika 4.2. Seli 5 zikiungwa kwa mfululizo zinatoa volti 18, au 21 zikiwa zimejaa. Kwa hiyo drili zilizoandikwa 18, 20 na 21 kwa kawaida zina betri ya volti zilezile. Ukiona 48 au 88 kwenye betri inayoenea kiganjani, hiyo ni namba ya kupamba boksi tu. Uzito husema ukweli zaidi: seli ya kawaida ya ukubwa uitwao 18650 ina takriban gramu 45, hivyo betri yenye seli 10 lazima iwe nzito waziwazi kuliko ya seli 5. Betri nyepesi inayodai ampea-saa (kipimo cha umeme unaohifadhiwa) nyingi, irudishe rafuni.

Betri nyingi za bei nafuu hufa mapema kwa sababu hazina saketi ya kusawazisha seli. Seli moja ikibaki nyuma, chaja huendelea kusukuma umeme mpaka zile nyingine zizidiwe. Usiiache kwenye chaja usiku kucha. Drili ikianza kulegea, simama uichaji. Kuikamua hadi izime huua seli dhaifu. Betri ikitoka kazini ikiwa moto, iache ipoe kabla ya kuichaji. Kabla ya kulipa, uliza kama betri ya akiba inauzwa peke yake. Kama haiuzwi, siku betri itakapokufa, drili nzima imekufa nayo.

Dukani, funga biti (chuma cha kutobolea) nyembamba iliyonyooka, kisha izungushe polepole. Ncha ikichora duara hewani, mdomo wa drili umepinda na matundu yatatoka mapana. Bonyeza swichi kidogo kidogo: mwendo uongezeke taratibu, usiruke ghafla. Ukiiachia, mota isimame papo hapo.

Alama ya nyundo isikushawishi. Katika drili hizi nyundo ni sahani mbili zenye meno zinazosuguana, na nguvu yake inategemea unavyosukuma. Tofali litatoboka kwa biti ya milimita 6. Zege litakutesa na kuunguza mota. Kazi hiyo ni ya drili ya SDS, aina ya drili nzito ya nyundo, ambayo pistoni yake ndiyo inayopiga.

Biti zinazokuja ndani ya boksi huwa butu haraka, kwa hiyo tenga fedha ya biti nzuri. Chuma kitoboe kwa mwendo wa chini na tone la mafuta.

Kwenye skrubu, tumia gia namba 1, yaani ya mwendo wa chini, na uanze na klachi (pete yenye namba inayopunguza nguvu ya kukaza) ikiwa chini, ukiipandisha hadi skrubu ilale sawa na mbao. Usibadilishe gia drili ikizunguka, maana meno ya gia huweza kukatika. Ikikwama, achia swichi mara moja: mota iliyosimama huku inavuta umeme huungua kwa sekunde chache. Ikipata moto, izungushe bila mzigo kwa dakika moja ili feni ya ndani iipooze.