Ada ya bima imepanda: ni kwa sababu naishi Dodoma?

SWALI: Naishi Nkuhungu, Dodoma, nina gari dogo lenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari langu mwenyewe. Mwaka jana niligonga ng'ombe usiku upande wa Bahi, kisha nikagongana na bodaboda mjini. Mara zote kampuni ilinitengenezea gari. Sasa nataka kukata bima upya, ada imepanda, na wakala anasema "eneo lako lina hatari". Ni kweli? Je, nikihamia bima ndogo?

JIBU: Eneo linahesabiwa, ila wakala kalirahisisha mno. Hakuna jedwali linalosema Dodoma bei hii, Dar es Salaam bei ile. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) huweka kiwango cha chini cha ada, ambacho kwa bima kubwa ya gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la milioni 15 basi huanzia 525,000 kabla ya VAT. Kampuni haitakiwi kuuza chini ya hapo, lakini kupandisha inaweza, na hapo ndipo ajali zako mbili zinapokugharimu.

Tuanze na ng'ombe. Ukigongwa na gari lenye bima, kampuni yako hukutengenezea, kisha inaidai kampuni ya aliyekugonga. Kwa ng'ombe wa usiku inamdai nani? Mchungaji keshatokomea, na mwenye mfugo akipatikana huenda akakudai wewe. Hasara yote inabaki kwa kampuni, na kwenye rekodi inaandikwa kwa jina lako. Bodaboda isiyo na bima ni hivyo hivyo. Kwa hiyo barabara za kwetu zinazopita malishoni, kuelekea Manyoni au Kondoa, zinakuumiza kupitia madai ambayo kampuni haina wa kumdai, wala si kupitia anwani yako. Kuna na vipuri: vingi bado vinafuatwa Dar es Salaam, nauli inaingia kwenye bili ya gereji.

Hujasema gari unalitumiaje. Kama jioni unabeba abiria wa kulipia kwa programu ya simu huku bima inasema "binafsi", rekebisha leo. Ada itaongezeka, sawa, lakini ukipata ajali una abiria wa kulipia, kampuni ina haki ya kukataa kulipa.

Bima ndogo? Kwa gari binafsi ni shilingi 118,000 pamoja na VAT, na kwa kawaida haipandi kwa sababu ya ajali zako. Lakini inalipa uliowaumiza au kuwaharibia mali, haigusi bodi ya gari lako. Ukigonga ng'ombe wa pili, gari utalitengeneza mwenyewe. Kwa mtu anayesafiri usiku nje ya mji, mimi nisingeshauri, labda gari liwe limechakaa kiasi kwamba kulitengeneza hakuna maana.

Afadhali ujadiliane. Jitolee kubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara ndogondogo, uombe ada ishuke kuelekea ile asilimia 3.5. Omba bei kwa kampuni mbili tatu. Ila fomu inayouliza ajali zilizopita ijaze kwa ukweli, maana ukificha, fomu hiyohiyo ndiyo watakayoitoa siku utakapodai.